Kanzu ya Papa Kwa Sokomutu

Kila ninapofungua sanduku la mama, harufu ya naftalini hunipiga puani kabla sijaona chochote, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, narudi kuwa mtoto wa kike mwenye soksi nyeupe zinazowasha. Chini kabisa, chini ya vitenge ambavyo hakuna anayevivaa tena, kuna tai nyeusi ya kipepeo, ile ndogo ya kubana shingoni, imefungwa ndani ya leso. Watoto wangu huniuliza ni ya nani, maana wanajua babu yao hakuvaa tai maisha yake yote. Huwa nawaambia wakae kwanza, kwa sababu siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama. Kaeni na ninyi.

Nilizaliwa Kisangani, mji ambao siku hizo Wazungu waliuita kwa jina lao na sisi tukauita kwa jina letu. Sisi ni Wangwana, Waislamu wa mjini, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara ya zamani wakasahau kurudi walikotoka. Papa, yaani baba yangu, aliyeitwa Ramazani, alikuwa muuza samaki. Alfajiri alikwenda kwenye maporomoko, Wagenya wanapotoa mitego yao majini, akachagua samaki wakubwa wa kapiteni wenye macho yanayong'aa bado, akawafunga kwa majani ya migomba nyuma ya baiskeli. Hakuwapeleka sokoni. Aliwapeleka moja kwa moja jikoni mwa mkahawa wa kifahari kuliko yote mjini, akiingilia mlango wa nyuma.

Mkahawa huo ulikuwa katikati ya bustani ya starehe, karibu na mto Tshopo. Kulikuwa na farasi wa mbao waliozunguka kwa muziki, bembea za rangi, ndege ndani ya matundu, na tundu moja kubwa la chuma lenye sokwe wawili, ambao sisi tunawaita sokomutu. Kwa ajili yao hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyehangaika na jina la Kifaransa lililoandikwa langoni. Tulisema tu Kwa Sokomutu. Ukisikia fulani ameonekana Kwa Sokomutu, ulijua fulani huyo ni tajiri, au ameajiriwa kufagia.

Jumapili watoto tulisimama nje ya ua wa maua kutazama watu wakija kula. Jamani, nguo! Wanawake walivua glavu kidole kimoja kimoja, taratibu, na mimi nje ya ua nilishika pumzi mpaka kidole cha mwisho. Wanaume walivaa koti na tai katika jua lile letu linalopasua mawe. Niliamini kwamba Mungu aliwaumba Wazungu bila jasho, hadi siku mmoja aliponigeuzia mgongo nikaona koti lake limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nilimhurumia kidogo, lakini nikaendelea kumtazama kwa heshima zote.

Walionishangaza zaidi walikuwa watumishi. Mwenye mkahawa, Mzungu mjane ambaye kila mtu alimwita Madame, aliwavisha kanzu nyeupe za kufika miguuni, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu yenye kishada. Nadhani aliona picha mahali, akapenda wageni wake wajione wanakula kwa sultani. Watumishi wenyewe walikuwa watu wa Yanonge na Yangambi, Wakatoliki watupu. Lakini mimi ningejuaje? Siku ya kwanza nilipowaona nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba Kwa Sokomutu kumejaa maimamu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Papa hakucheka.

Mtu mweusi mmoja tu mle ndani hakuvaa kanzu. Aliitwa Alphonse, mzaliwa wa Yanonge, mrefu, mwenye sauti ya chini. Asubuhi alimpokea papa mlango wa nyuma akiwa na aproni, wakafunua majani pamoja, wakawasifu samaki na kuulizana habari za watoto. Mchana Alphonse yuleyule alisimama mlango wa mbele kwa koti jeusi, viatu vinavyong'aa na tai ya kipepeo, akiwapokea wageni na kuwaonyesha meza. Papa alimjua kwa asubuhi tu. Ile sura ya mchana aliisikia kwangu.

Kisha uhuru ukaja. Watu waliimba barabarani hadi sauti zikakauka, na haukupita muda mrefu bango la langoni Kwa Sokomutu likabadilishwa. Jirani yetu aliyejua kusoma alimwambia papa kwamba sasa kila mtu anakaribishwa, mradi avae mavazi ya heshima. Papa alilichukua neno hilo akakaa nalo siku nyingi. Jioni moja, akinawa mikono baada ya chakula, alisema, "Samaki yangu inaingia mule ndani tangu zamani. Miye mwenyewe sijaona bado inafika wapi." Alitaka kukaa mezani na mke wake na mtoto wake, aletewe samaki wake kwenye sahani, kupitia mlango wa mbele. Wengine walidai mambo makubwa kutoka kwa uhuru ule. Papa alitaka hilo tu, na alilitaka sana.

Kuhusu mavazi ya heshima, nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza swali. Ukienda kuposa, unavaa kanzu. Ukienda kuzika, kanzu. Ukiitwa na mkubwa yeyote, kanzu. Koti na tai tulivijua kama nguo za kazini, za watu wanaoambiwa njoo na nenda. Basi mama aliitoa sandukuni kanzu ya Idi, ile yenye tarizi ya hariri shingoni, akaichovya katika maji ya wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya makaa hadi ikasimama yenyewe. Kofia aliivalisha juu ya bakuli ili ikauke na umbo lake. Yeye alivaa kitenge kipya na kilemba, mimi gauni la lesi na zile soksi. Tulipopita mtaani Jumapili ile mchana, watu walitoka milangoni kutusalimia, na papa aliitikia salamu zote bila haraka, akinukia naftalini na mafuta ya waridi.

Tulipofika, Alphonse alikuwa mlangoni. Alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likamshinda.

"Papa Ramazani, munisamehe," alisema. "Kanzu haiingie."

"Iko chafu?"

"Hapana. Iko safi kupita yangu. Lakini humu ndani kanzu iko nguo ya boyi. Mugeni anavaa veste na kravati, na kichwa wazi. Ni Madame alipanga vile."

Papa alikuwa bado hajajibu wakati bwana mmoja aliyekaa barazani, mweusi kama sisi, mmoja wa wale wakubwa wapya wa ofisini, alipopiga vidole akitaka bia. "Boyi! Leta bière, ya baridi!" Niligeuka kumtafuta boyi anayeitwa. Sikumwona. Nilipomfuata yule bwana macho yake, niligundua anamtazama papa.

Alphonse alifungua haraka kabati la pale mlangoni, ambamo walitunza makoti ya kuwaazima wageni waliosahau, akatoa koti la kahawia na tai. "Vaa hii juu tu, Papa. Kofia tia mufukoni. Kidogo tu, mupaka mumalize kula."

Papa aliligusa lile koti kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa kitambaa dukani, akalirudisha. "Alphonse," alisema, wala hakuwa na hasira, "nikivua kofia na kuvaa hii, mutu mwingine ndiye ataingia kula. Miye nitabaki hapa mulangoni." Kisha akamgeukia mama. "Bon. Ingia na mutoto. Mwanamuke haulizwe kravati. Mutoto aone."

Mama hakutaka. Nilihisi mkono wake ukikaza wangu. Lakini papa alikuwa ameshateremka ngazi, akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya tundu la sokomutu, akaipanga vizuri kanzu yake magotini.

Basi tukaingia, na hapa lazima niseme ukweli: nilimsahau papa. Msinilaumu, nilikuwa mtoto. Kitambaa cha meza kilikuwa kizito na cheupe hadi niliogopa kukiwekea mikono. Leso zilikunjwa zikasimama kama kofia ndogo. Juu yetu pangaboi lilizunguka bila kelele, na kila lilipozunguka, maua ya kwenye chombo yaliinama kidogo. Meza ya jirani mama mmoja wa Kikongo alivaa kofia ya Kizungu iliyopambwa matunda, na nilikaa nikisubiri kuona kama atachuma moja ale. Wanaume walikuwa na tai za mistari, za madoa, za rangi ya maini, na kila mmoja aliishika yake mara kwa mara kuhakikisha bado ipo. Niliona fahari ya ajabu. Nilidhani tumefika mahali ambapo dunia nzima ilikuwa inaelekea.

Samaki akaja. Alikuwa wa papa, mama alimtambua. Alikuwa ametandazwa juu ya sahani pana, amezungukwa na vipande vya limau, mzuri kweli, lakini hakuwa na kichwa.

Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Hata papa akichelewa safarini, kichwa kinafunikwa kinamngojea, na paka anayekisogelea anajua la kumpata. Mama aliitazama sahani, akainua macho kwa Alphonse aliyekuwa anatuhudumia mwenyewe.

"Kichwa iko wapi?"

"Huku hawakule kichwa, Mama. Wanatupa."

"Kichwa ni ya bwana yangu," mama alisema. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Alphonse alisimama pale akishika leso yake. Kisha akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa amebeba sinia la fedha lenye mfuniko, na birika la maji, na kitambaa cheupe kipya begani. Alipita katikati ya ukumbi wote, akampita Madame, akatoka mlango wa mbele, akampita yule bwana wa bière barazani na kuteremka ngazi. Tulimwona kupitia dirishani. Alitandika kitambaa kwenye benchi, mbele ya sokomutu, mbele ya watoto na muuza karanga na wote waliokuja kuzurura. Aliinama, akammiminia papa maji mikononi, vile tunavyofanya sisi, na akafunua sinia. Kichwa cha kapiteni kilikuwa kimelala pale, kimepambwa kama bibi harusi.

Watu wa nje walianza kucheka, wakaacha. Papa alisema bismillahi yake na akala, kwa mkono wa kulia, polepole, akiutafuta kila mfupa. Alphonse alisimama nyuma yake, mgongo wima, leso mkononi, tai shingoni, hadi papa alipomaliza. Ukumbini uma zilikuwa zimenyamaza. Madame alisimama mlangoni amekunja mikono. Mama alikuwa anatazama sahani yetu na hakumeza kitu, na mimi sikuelewa kwa nini, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshikwa na wivu. Papa alikuwa amepewa nafasi karibu na sokomutu!

Njiani kurudi, papa alisema jambo moja tu: kwamba walitia limau nyingi mno.

Jumapili zilizofuata Alphonse hakuonekana mlango wa mbele. Madame alikuwa amemshusha kuosha glasi, bila koti wala tai, na aliosha glasi hadi Madame mwenyewe alipofunga mizigo akaondoka nchini. Hapo ndipo aliporudi mlangoni. Papa aliendelea kumpelekea samaki, na asubuhi waliulizana habari za watoto kama kawaida. La benchi hawakulitaja.

Kisha yakaja mambo ambayo sitayasimulia yote. Waasi waliingia mjini wakiimba, ngozi za nyani vichwani, majani mikononi, na watu wakawaita simba. Niliwatazama kupitia ufa wa mlango kwa woga na mshangao ule ule niliokuwa nao nje ya ua wa maua, kwa kuwa nao walikuwa wamevaa kwa kanuni zao, na hakuna aliyethubutu kuzivunja. Kwa siku chache tu nguo zilibadilisha maana. Tai, koti, miwani, hata kalamu mfukoni, vilimtangaza mtu kuwa msomi aliyeiuza nchi, na waliochukuliwa kwa ajili hiyo hawakurudi. Makarani walizichoma tai zao uani. Jirani yetu, yule aliyetusomea bango, alizika suti yake chini ya migomba. Papa, aliyekataliwa mlangoni kwa sababu ya kanzu, sasa alitembea mji mzima na hakuna aliyemuuliza.

Alasiri moja Alphonse aliingia kwetu mbio. Mkahawa ulikuwa hauna wageni, lakini yeye alikuwa anaendelea kwenda kupanga meza kila siku, na koti lake na tai yake, eti meza ni zake. Waasi walipoingia mlango wa mbele, yeye alitoka ule wa nyuma, mlango wa samaki, akazifuata njia za panya hadi nyumbani kwetu. Hata katika hofu ile alivua viatu kizingitini, maana alijua desturi yetu.

Papa hakumuuliza kitu. Alifungua sanduku, akatoa kanzu ya Idi. Mama aliing'oa ile tai shingoni mwa Alphonse akaisukuma chini ya vitenge, na koti akalitia motoni chini ya sufuria. Alphonse aliivaa kofia haraka, akaiinamisha upande mmoja, namna watumishi wa Madame walivyovaa tarbushi. Papa aliinyoosha kwa mikono yake miwili. "Sio vile. Vile ni boyi. Kaa kwenye mukeka kama mutu ambaye nyumba iko yake." Alphonse alikaa.

Tulisikia nyimbo, kisha zikanyamaza mlangoni. Aliyetangulia alikuwa kijana mwenye ngozi ya nyani kichwani, na nilimtambua mara moja: muuza karanga wa Kwa Sokomutu. Hakuvuka kizingiti, kwa sababu dawa yao ya kuzuia risasi iliwakataza kugusana na watu ovyo. Aliangalia chini. Katikati ya ndara zetu palikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa kama kioo.

"Viatu ya nani hii?"

"Ya bwana yangu," mama alijibu.

"Papa Ramazani? Tangu lini anavaa viatu ya bakarani?"

"Alinunua juu ya kwenda kula Kwa Sokomutu. Wakamukatalia."

"Najua. Nilikuwa pale na karanga yangu. Nilimuona vile alikula kichwa ya samaki." Akamtazama papa. "Na ule wa kravati, ule alimumwangia maji mukononi, leo iko wapi?"

"Mungu anajua," papa alisema.

Alphonse alikuwa amekaa pembeni yake, karibu hivi ungeweza kumgusa. Kijana akamgeukia. "Na huyu?"

"Ndugu yangu. Alitoka Ubundu."

Kijana alimtazama yule ndugu wa Ubundu kwa muda mrefu, uso, mikono, miguu mitupu isiyo na vumbi. Halafu, kwa mguu wake mwenyewe, alivisukuma vile viatu, kimoja kisha kingine, vikavuka kizingiti vikaingia ndani hadi chini ya kitanda cha kamba.

"Viatu kama hii musiache inje," alisema. "Wenzangu wanakuja nyuma." Akawageukia wale wa nje. "Hapa hakuna kitu. Twende."

Mimi nilidhani anatuonya juu ya wezi. Nilishangaa hata waasi wana wema namna ile.

Kesho yake alfajiri papa alimsindikiza Alphonse mtoni, wote wawili katika kanzu, wakitembea polepole kama watu wa Ijumaa, na mtumbwi wa Wagenya ukamshusha Yanonge. Alirudi kututembelea baada ya vita. Bustani ilikuwa imeota majani, farasi wa mbao walikuwa kuni, na habari ya sokomutu hakuna aliyeiuliza, maana mji ulikuwa umepata njaa. Alileta kanzu imefuliwa na kukunjwa kwa ustadi wake wa leso. Papa aliikataa. Mama alipika kapiteni, na chakula kilipowekwa, papa alichukua birika akammiminia Alphonse maji mikononi. Kisha akakisukuma kichwa cha samaki upande wake. Alphonse alikitazama kile kichwa, akalia, na papa akajifanya anatafuta chumvi.

Hapo, nikiwa nimesimama na bakuli la mboga mkononi, ndipo nilipovielewa vile viatu vilivyosukumwa ndani. Yule kijana alijua ni vya Alphonse. Alijua tangu alipouliza, na nadhani aliuliza ili papa ajue kwamba anajua. Ikanirudia pia Jumapili ile, mimi na soksi zangu mbele ya kitambaa cheupe, nikijiona nimefika. Meza ya heshima ilikuwa nje, kwenye benchi, na walioijua siku hiyo walikuwa wachache: aliyekula, aliyemimina maji, mama ambaye hakuweza kumeza, na kijana mmoja aliyekuwa amesimama na karanga zake, akitazama.